Fomu ya Jengo Namba Kumi na Saba

Fomu ya manispaa ina mistari mitatu:
mwaka wa kujengwa, kazi ya jengo, hali ya kuta.
Wamenipa kalamu, na kofia ngumu ya manjano
isije dari ikaniangukia nikiandika.

Mwaka wa kujengwa.
Hapa Sur hakuna aujuaye.
Khadim bin Sangur aliweka msingi
mwaka ule mvua ilipoozesha tende;
ndivyo walivyohesabu, kwa kilichoharibika.
Mawe yalichongwa ukingoni mwa hori,
hori ambalo maji yakijaa ungeapa ni ziwa,
yakipwa ni tope, na heroe wawili
wanaogombana na vivuli vyao.

Kazi ya jengo.
Nafasi waliyoacha inatosha neno moja. Nianze na lipi?
Ghala. Sakafu bado ina mifereji
ya kuchujia asali ya tende, gunia juu ya gunia,
uzito ukikamua wenyewe.
Kisha askari, msimu mmoja, wakaacha misumari.
Kisha serikali ikaleta chokaa, jenereta,
vitanda kumi na vinane vyenye kimo cha mbuzi,
na Daktari Kuruvila, aliyeogopa nge kuliko kifaduro.

Mama alikuja na cheti cha uuguzi kutoka Wete,
kimekunjwa mara nne kibindoni.
Kiarabu chake kilikuwa cha kuswalia tu.
Wodi nzima, lugha nne na kipimajoto kimoja.
Magurudumu ya vitanda yalinasa kwenye mifereji,
na sisimizi, miaka mingi baada ya tende ya mwisho,
walikuwa bado wanapanda kutoka sakafuni
kuutafuta utamu kwenye vidole vya watoto.
Mwaka wa kuhara, mifereji ilipata kazi tena.
Mama hakuusimulia mwaka huo.
Ukimuuliza, alikwenda kuosha mikono.

Hali ya kuta.
Chagua: nzuri, wastani, mbovu.
Kwenye nguzo ya pili kuna mistari ya penseli.
Aliwapima wote, wakiingia, wakitoka:
Sangur mdogo, Mahfudha, Bakhit wa mfua fedha,
na Ghaya, mwenye mstari mmoja tu.
Mafundi wa rangi walikuja mara tatu;
mara tatu akasimama mbele ya nguzo,
mikono kiunoni, mpaka ndoo zikapita.

Hospitali ilihamia kilimani, kwenye lifti na viyoyozi.
Kisha kikaja kimbunga. Hori likaingia bila hodi,
likalala humu siku mbili,
likaacha alama ya kahawia kwenye nguzo ileile,
juu ya vichwa vyote.
Maji nayo yalitaka kupimwa.

Nje, dereva wa tingatinga anamalizia chai ya maziwa.
Ana mvi, na kovu la chanjo kubwa kama sarafu.
"Wewe ni mtu wa huko," ananiambia kwa Kiarabu,
"hebu nifahamishe. Wajukuu wangu wakilia kwa sindano
nawaambia bado kidogo, bado kidogo, wananyamaza.
Sijui ni lugha gani. Nilipewa humu ndani."

Namwambia. Anacheka, kisha hacheki.
Chai imepoa; anainywa hivyohivyo.

Narudi kwenye mstari wa tatu.
Fomu ni ya Kiarabu, inataka Kiarabu.
Naandika kwa mwandiko alionifundisha mama,
herufi zikiegemeana kama wagonjwa kwenye benchi:
bado kidogo.
Najua watairudisha.